Rosa Hakupewa Muda: Kumsoma Rosa Mistika na Erikson

Mara ya kwanza niliisoma Rosa Mistika kama wengi tulivyosomeshwa: msichana kaharibika, kalipia. Somo limeisha, funga kitabu. Juzi nimeirudia nikiwa na Erik Erikson kichwani, na nikajikuta nauliza swali ambalo darasani halikuulizwa: huyu Rosa alipewa lini nafasi ya kujijua?

Tuanze na Erikson mwenyewe. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902. Baba yake mzazi hakuwahi kumjua. Alilelewa na baba wa kambo, daktari wa watoto, akabeba jina lake la Homburger. Ujanani alizurura Ulaya akichora picha, kabla ya kuingia kwenye taaluma ya nafsi huko Vienna. Mwaka 1933 alihamia Marekani, na alipochukua uraia wa huko akajipa jina jipya: Erikson.

Mwaka 1950 alichapisha Childhood and Society, kitabu kilichogawa maisha ya mtu katika hatua nane, tangu uchanga hadi uzee. Kila hatua ina mvutano wake. Mtoto mchanga anajifunza kuamini au kutoamini. Kijana, katika hatua ya tano, anahangaika na swali la "mimi ni nani?" Kwa Erikson, kijana hawezi kulijibu kama jamii haimpi muda wa kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Yeye mwenyewe muda huo aliupata, tena akiwa na brashi mkononi.

Rosa hakuupata. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alimleta kwetu mwaka 1971 kama binti wa kisiwa hichohicho. Hata jina lake limeshaamua mambo: ni sifa ya Bikira Maria kutoka kwenye litania. Yaani hajaanza hata kutembea, tayari ameshaambiwa awe nani. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na mzigo wa nyumba uko kwa mama, Regina. Siku Zakaria anapokamata barua ya mvulana, Charles, binti anapigwa vibaya. Kwa kipigo kile Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume, ila hajifunzi kuwachagua. Shuleni Mwanza anaanza kwa kuwakwepa. Baadaye hofu inapovunjika, inavunjika yote kwa mpigo, na akifika chuo cha ualimu Morogoro ameshakuwa kile ambacho baba alidhani anakizuia kwa fimbo.

Erikson ana jina la jambo hili: utambulisho hasi. Kijana aliyefungiwa njia zote anaweza kuivaa sura ileile aliyokatazwa, maana angalau hiyo anaijua vizuri. Ameitajiwa kila siku.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumerudi darasani kwa mlango wa nyuma, tukimchunguza Rosa peke yake. Erikson hakuziona hatua kama ngazi ya mtu mmoja. Aliamini kwamba hatua za kizazi kimoja hushikana na za kingine kama meno ya gia. Hatua ya saba, ya utu uzima, kazi yake ni kukilea kizazi kinachofuata. Sasa hebu tuwahesabu watu wazima wa riwaya hii. Zakaria yuko kwenye hatua hiyo, na anakunywa. Mkuu wa chuo yuko hapohapo, na naye anamtaka mwanafunzi wake. Gia za wakubwa zimekatika meno, halafu tunashangaa ya mtoto haizunguki!

Rosa anajaribu hata hatua ya sita, ya ukaribu. Anataka kutulia na kuolewa na Charles, yule yule wa barua. Charles anagundua kwamba si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Ukaribu wa Erikson unahitaji watu wawili wanaoweza kupokeana jinsi walivyo. Charles alikuja kukagua.

Nadhani Kezilahabi aliliona hili bila kumhitaji Erikson, ndiyo maana hakumalizia kaburini. Anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja na mashtaka yake kwa mwenzake. Hapo Zakaria naye anasimama kizimbani, si Rosa peke yake.

Kitabu chenyewe kilipotoka kilipigwa marufuku mashuleni, ingawa miaka ya baadaye kikaja kuwa cha kiada. Wakubwa walikuta maandishi mikononi mwa vijana, wakayanyang'anya. Ni kama barua ya Charles.

Ukiirudia riwaya hii, usianze na makosa ya Rosa. Anza na umri wa Zakaria, kisha uulize mtu wa umri ule alikuwa anadaiwa nini na mwanawe.