Utando au kiwambo?

Maziwa yaliyochemka yakiachwa yapoe, juu yake hutanda ngozi laini inayokunjamana ikiguswa na kijiko. Huo ni utando. Ngozi ya mbuzi iliyovutwa na kukazwa juu ya ngoma ni kiwambo. Imewambwa, na ikilegea wapigaji huipasha moto ikaze. Maneno yote mawili hutumika kutajia ganda jororo linaloizingira seli: utando wa seli, kiwambo cha seli. (Ukuta wa seli ni kitu kingine. Mimea inao, nje ya utando, mnyama hana.)

Lipi linafaa zaidi?

Mwaka 1925, huko Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walitoa mafuta kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji. Yalifunika eneo kama mara mbili ya lile la seli zenyewe. Kumbe yalikuwa yamepangwa tabaka mbili! Baadaye ilibainika kwamba hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la seli nalo walilipunja. Makosa hayo mawili yakafutana, jibu likabaki sahihi. Mafuta hayo hasa ni fosfolipidi. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, basi vichwa hukaa nje na mikia hujificha katikati. Unene wote ni nanomita 7 hivi: tando zaidi ya 10,000 zikipangwa moja juu ya nyingine ndipo zifikie unene wa karatasi ya daftari.

Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walieleza kwamba tabaka hizo ni majimaji, na protini huelea ndani yake. Hapo kiwambo kinapwaya. Joto hukaza ngozi ya ngoma, lakini utando wa seli huulegeza.

Ila utando wa maziwa hauna milango, na wa seli umejaa milango. Maji yana wake, akuaporini, uliompa Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Kwenye utumbo mwembamba kuna protini inayovusha sodiamu mbili pamoja na glukosi moja. Glukosi isipokuwepo, mlango huo hauipitishi sodiamu. Zikivuka, maji hufuata. Ndiyo maana mgonjwa wa kipindupindu hunyweshwa maji yenye chumvi na sukari, na sukari hiyo haikutiwa kwa ajili ya utamu.