Nyumba Tupu na Jirani Yake

Watu husema kwamba nyumba isiyo na mtu hufa. Kauli hii husemwa kwa majonzi, na aghalabu husadikiwa bila ya kupimwa. Mimi nimekaa miaka mingi ubavuni mwa nyumba tupu katika Mji Mkongwe wa Unguja, nami nimeona kwamba kauli hiyo ni nusu ya kweli. Mtu wa kulala ndani si mkubwa sana katika uhai wa nyumba. Mkubwa ni yule mwenye idhini ya kupanda juu ya paa. Katika insha hii nataka kueleza namna idhini hiyo ilivyopotea, maana sehemu kubwa ya historia ya mji wetu imo ndani yake.

Kwanza na tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19, wakati biashara ya karafuu, pembe na watumwa ilipokuwa ikileta mali bandarini. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake hupita nusu ya mita. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hazipiti sana urefu wa mita 3, vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ncha za boriti hizo zimelala ndani ya ukuta, na hapo ndipo penye siri. Maji ya mvua yakipenya paani hushuka ndani ya ukuta, hulainisha udongo, hulowesha ncha za boriti, nazo huoza pasipo kuonekana. Boriti zikiachia, dari huanguka; dari ikianguka, ukuta hukosa kitu cha kuushikiza, nao huvimba mpaka ukaporomoka. Msiba huu wote huweza kuanza na mchirizi mmoja wa paa ulioziba majani.

Tena, nyumba za mji huu hazikusimama mbalimbali. Zimebanana bega kwa bega, na mara nyingi nyumba mbili hutumia ukuta mmoja: boriti zangu zimeingia upande huu, na za jirani upande ule. Methali yetu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta yamfaa mtu mwenye ukuta wake mwenyewe. Haikutwambia la kufanya ufa unapokuwa wa watu wawili, na mmoja wao hayupo.

Huyo mmoja alikwenda wapi? Jibu moja ni mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964. Wenye nyumba wengi waliondoka, wakaenda Oman, Dubai, Uingereza na kwingineko. Na nyumba nyingi zikataifishwa. Watu wa Ng'ambo, wa mashamba na wa Pemba wakapata vyumba katika majumba ambayo zamani waliyaona kwa nje tu. Si haki kuwalaumu. Lakini jumba lililokuwa la ukoo mmoja lilipogawanywa kwa jamaa kadha wa kadha, kila mmoja alikuwa mpangaji wa chumba chake, na paa halikuwa chumba cha mtu. Kodi ilikuwa ndogo, na fedha na nguvu za ujenzi zilielekezwa kwenye nyumba mpya, kama zile za Michenzani.

Jibu la pili ni la kale kuliko mapinduzi, nalo ni mirathi. Tuseme mtu amekufa, ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mjane hupata thumuni, yaani fungu 1 katika 8. Kila mwana wa kiume mafungu 2. Kila binti fungu 1. Hesabu inatimia vizuri. Kisha mjane naye akafa, na watoto hao ndio warithi wake pekee: thumuni yake itagawanywa mara 7, na kila binti atapata humo fungu 1 katika 56 ya nyumba nzima. Endelea hivyo kwa vizazi vitatu, na warithi wametawanyika nchi nne. Kila mmoja ana haki isiyokanushika, na hakuna mwenye fungu la kutosha kumshawishi anunue gunia la chokaa.

Nyumba ya ubavuni mwangu ni ya namna hii ya pili. Mvua za masika zilipoanza kuchora ramani juu ya ukuta wa chumba changu cha vitabu, nilimwendea mzee anayeshika ufunguo.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Najua lililokuleta. Lakini mimi nina ufunguo, ruhusa sina.”

Tulimpigia simu mrithi mmoja aliyeko Muscat, akafurahi na kunishukuru. Tukampigia wa pili, akakataa katakata. “Atengenezaye paa leo,” alisema, “kesho atadai nyumba.”

Nakiri kwamba nilikasirika, maana fedha zilikuwa zangu na unyevu ulikuwa wangu. Lakini usiku ule nilimfikiri zaidi mtu yule. Wazee wake walipata kuona nyumba nyingine ya ukoo ikiingiwa na wageni, wala haikurudi. Nilichokiita ukaidi kilikuwa kumbukumbu. Kwake yeye gofu ambalo bado ni lake lilikuwa bora kuliko nyumba nzima iliyo mikononi mwa mwingine.

Serikali haikulala moja kwa moja. Mwaka wa 1985 iliundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka wa 2000 UNESCO iliuandika mji wetu katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka wa 1883, iliporomoka ilipokuwa katika matengenezo, ikaua watu wawili. Ikiwa jumba linalojulikana ulimwenguni laweza kuanguka mafundi wakiwa ndani yake, nyumba isiyo na jina katika uchochoro ina tumaini gani, isipokuwa jirani?

Mwisho tulipatana hivi. Niliandika karatasi ya mistari michache, kwamba nitasafisha mchirizi na kuziba paa kwa gharama yangu, na kwamba sidai kwa kazi hiyo kodi, wala fungu, wala fidia. Mzee wa ufunguo na majirani wawili walitia sahihi. Yule mrithi wa pili aliposomewa, alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama mlango wa mbele ungalipo.

Karatasi ile imenifundisha kwamba haki ya kumiliki na idhini ya kutunza ni mambo mawili, na kwamba mji wetu umeumia kwa kuyafunga katika fundo moja. Yafaa sheria zetu ziyafungue, ili anayeziba ufa asiogopwe kama mnyang'anyi. Waislamu wamepokea kwamba Mtume aliusiwa juu ya jirani hata akadhani jirani atafanywa mrithi. Hakufanywa. Lakini katika Mji Mkongwe jirani hurithi maji kabla warithi hawajakutana.

Kila mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, naazima ufunguo, napanda ngazi kwa uangalifu nikikanyaga karibu na ukuta, nazoa majani. Mara ya mwisho nilikuta mche wa mtini umeota katika mchirizi, urefu wake kama shibiri. Niliung'oa na mizizi yake, nikashuka, nikarudisha ufunguo.