Nani Hulipa Gharama ya Dosari za Prosesa? Visa Vitatu, 1994 hadi 2018

Kompyuta ikikosea, wengi wetu huilaumu programu. Mara nyingi tunakuwa sahihi. Lakini prosesa nayo ni kazi ya binadamu, na dosari ikishaingia ndani yake kiwandani, maji yamekwisha kumwagika. Hapo hubaki njia mbili: kubadilisha prosesa yenyewe, au kuiandika kerneli upya ili iikwepe dosari hiyo. Kerneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji. Husimama kati ya programu na vifaa, ikigawa kumbukumbu na zamu za kutumia prosesa. Katika insha hii nitatumia visa vitatu kutetea hoja moja: kadiri kerneli ilivyozidi kuweza kuzikwepa dosari za prosesa, ndivyo gharama yake ilivyohama kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa mtumiaji.

Kisa cha kwanza ni cha mwaka 1994. Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Marekani, alikuwa akifanya hesabu za namba tasa alipogundua kuwa prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel hukosea kugawanya. Chanzo kilikuwa thamani tano zilizokosekana katika jedwali la kugawanyia lililomo ndani ya prosesa. Ukigawanya 4195835 kwa 3145727, jibu ni 1.33382, lakini Pentium yenye dosari ilitoa 1.33374. Kerneli ya Linux iliwekewa jaribio la kufanywa kila kompyuta inapowashwa: igawanye namba hizo, izidishe jibu kwa kigawanyo, kisha itoe matokeo katika namba ya kwanza. Prosesa nzima hubakiza sifuri. Yenye dosari hubakiza 256. Jaribio hilo liliutambua ugonjwa bila kuutibu. Mwanzoni Intel ilitaka kuwabadilishia wale tu walioonyesha kuwa wanaathirika. Baada ya malalamiko mengi, Desemba 1994 ilikubali kumbadilishia kila aliyeomba, na ikatenga dola milioni 475. Hapa mtengenezaji ndiye aliyelipa.

Kisa cha pili kilijulikana Novemba 1997. Mtumiaji yeyote, hata asiye na mamlaka yoyote katika mashine, aliweza kuandika amri moja ya baiti nne ikaigandisha Pentium nzima mpaka iwashwe upya. Amri yenyewe ilikuwa batili. Prosesa ilipaswa kuikataa kwa kutoa katizo namba 6 na kuiachia kerneli kazi, lakini iliganda ikiwa katika kulisoma jedwali la makatizo. Waandishi wa kerneli walitumia ujanja: waliliweka jedwali hilo katika ukurasa wa kumbukumbu usioruhusiwa kuandikwa. Prosesa ilipolifikia, ilikumbana na kosa jingine, la ukurasa, ambalo ni katizo namba 14, na kosa hilo likauvunja mgando. Kerneli ilitazama anwani iliyoguswa, ikatambua kwamba ni ya katizo namba 6, ikaisimamisha programu husika peke yake. Naona huu ni ufundi wa hali ya juu. Hata hivyo, kwa kuwa programu ilitosha kuziba ufa, dai la kubadilishiwa prosesa halikupata nguvu kama ya 1994.

Kisa cha tatu, Meltdown, kilitangazwa tarehe 3 Januari 2018. Ili kwenda kasi, prosesa hutangulia kutekeleza amri kabla ya kuthibitisha kama zinaruhusiwa. Matokeo yasiyoruhusiwa hutupwa, lakini huacha alama katika kashe, na alama hizo zinaweza kupimwa. Kwa njia hiyo programu ya kawaida iliweza kusoma siri za kerneli. Watafiti wa chuo kikuu cha Graz, Austria, walikuwa wameshapendekeza mwaka 2017 kutenganisha majedwali ya kumbukumbu ya kerneli na ya programu. Linux 4.15 ilitoka Januari 2018 ikiwa na kinga iliyojengwa juu ya wazo hilo. Kinga ilifaa, lakini kila programu inapoiita kerneli, majedwali hubadilishwa, na muda hupotea. Programu zinazoiita mara kwa mara, kama hifadhidata, ziliathirika zaidi. Safari hii hakukuwa na prosesa mpya za bure kwa kila aliyeomba. Mtumiaji alilipa kwa kasi ya mashine yake.

Huenda msomaji akasema kwamba bila kerneli mashine hizo zingetupwa. Nakubali. Hasa katika nchi zetu, ambako kompyuta zilizotumika ng'ambo huendelea kufanya kazi miaka mingi, marekebisho haya ni msaada mkubwa. Lakini ni katika mashine hizo kuukuu ambapo kasi kidogo inayopotea huonekana upesi.

Kwa kuhitimisha, naiona kerneli kama nyaraka ya kihistoria pia. Faili la Linux liitwalo /proc/cpuinfo huorodhesha dosari za prosesa ambazo kerneli inazijua katika mashine husika. Mwanahistoria wa teknolojia anaweza kuisoma orodha hiyo kama daftari la madeni: inaonyesha kosa lilifanyika wapi, na ni nani aliyebebeshwa kazi ya kulirekebisha.