Kuba la Florence ni la Nani?

Ili kufika juu ya kuba la kanisa kuu la Santa Maria del Fiore, mjini Florence, mtu hukwea vidato 463, na lifti hakuna. Njia yenyewe hupita kati ya kuta mbili, ya kuba la ndani na ya kuba la nje, na mahali pengine ni nyembamba mno hata wanaopanda na wanaoshuka hupishana kwa kubana mbavu ukutani. Nilikwea na kundi la wageni, tukiongozwa na mtembeza watalii hodari anayeipenda kazi yake. Tangu mlangoni hadi kileleni alitutajia mjenzi mmoja tu: Filippo Brunelleschi.

Jina hilo linastahili heshima yake. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1296, na kwa zaidi ya miaka mia moja mji uliendelea kulijenga pasipo mtu kujua litafunikwaje, kwa kuwa uwazi uliongoja kuba ulikuwa na upana wa takriban mita 45. (Wasomaji wangu walio katika ofisi za mipango watanielewa.) Mwaka 1418 yakatangazwa mashindano, zawadi florini 200 za dhahabu. Brunelleschi, mfua dhahabu kwa mafunzo yake, akaahidi kujenga bila kiunzi cha mbao cha kulibeba kuba kutoka chini. Ukiwa ndani ya njia ile unaona siri mojawapo: matofali yamepangwa kama miiba ya samaki, yakishikana kabla chokaa haijakauka. Mawe yalipandishwa kwa mtambo uliozungushwa na maksai. Kazi ilianza 1420, na kuba likafungwa 1436.

Lakini mwajiri alikuwa nani? Tangu 1331 usimamizi wa ujenzi ulikuwa mikononi mwa Arte della Lana, chama cha matajiri wa sufu. Sufu hiyo ilisafishwa, ikachambuliwa na kuchanwa na vibarua walioitwa ciompi, ambao hawakuruhusiwa kuunda chama chao wenyewe; na katika Florence asiye na chama hakuwa na njia ya kuingia serikalini. Julai 1378 waliasi, wakaiteka ikulu ya mji, na mmoja wao, Michele di Lando, akawekwa kuwa mkuu wa serikali. Vyama vipya vitatu vikaundwa. Kile cha ciompi kilidumu wiki chache tu, kikavunjwa kwa nguvu. Viwili vilivyobaki vilifutwa mwaka 1382. Miaka 38 baadaye, chini ya usimamizi wa matajiri walewale wa sufu, tofali la kwanza la kuba likawekwa.

Vasari, aliyeandika katika karne ya 16, anasimulia kwamba waashi walipodai nyongeza ya ujira kule juu, Brunelleschi aliwafukuza, akaleta mafundi wa Lombardia, kisha akawarudisha wale wa kwanza kwa ujira mdogo zaidi. Vasari anaisimulia habari hiyo kama ushahidi wa werevu wa bwana mkubwa. Mimi naisoma kama habari ya mgomo uliovunjwa. Mwaka 1434 Brunelleschi mwenyewe alitiwa gerezani kwa kutolipa ada ya chama cha waashi. Wasimamizi wa kanisa wakahakikisha anatolewa. Waashi wa Vasari hawakuwa na mtetezi wa namna hiyo.

Tuliposhuka tulitembea kuelekea kusini hadi Orsanmichele, soko la nafaka lililogeuzwa kanisa, ambalo kuta zake zina sanamu za watakatifu zilizogharimiwa na vyama vya mji. Jirani yake limesimama jumba la Arte della Lana, na alama yao, mwanakondoo mwenye bendera. Hatua chache mbele kuna ukumbi wa Mercato Nuovo. Huko, katika kishubaka cha nguzo, yupo Michele di Lando, sanamu iliyowekwa mwishoni mwa karne ya 19. Mji ulimchagua kwa hekima: kabla Agosti 1378 haijaisha, ndiye aliyeongoza vikosi kuwaponda ciompi wenzake. Kundi letu halikusimama kumtazama. Lilipanga foleni upande wa pili, kwa nguruwe mwitu wa shaba ambaye pua yake husuguliwa kutafuta bahati.