Kuyu, Wala Si Tunda Bandia

Kuyu ni shada la maua lililojifumba. Maua madogo kwa mamia hujipanga kwenye ukuta wa ndani wa kifuko chenye nyama, na kifuko huacha kitundu kimoja tu nchani. Ndivyo izaavyo miti yote ya jenasi ya Ficus, yenye spishi zaidi ya 750, kuanzia mkuyu na mtini hadi Ficus benjamina ipambayo sebule.

Kiswahili cha nyumbani huita ua kila mmea wa kwenye chungu, hata usiochanua kamwe. Mwenye nyumba wa Ruponda akikuta vidonge vya kijani vimeota panapoanzia vikonyo vya majani, husema ua limezaa. Kumbe limechanua, ila kwa ndani.

Vidonge hivyo wapo waliovipa jina la "tunda bandia", nao wangefaa kupasua kimoja kwanza. Bandia asili yake ni mtoto wa kuchezea, mwanasesere. Leo ni sifa ya noti, dawa na vyeti vya kughushi. Katika kuyu hakuna kilichoghushiwa. Ua lililochavushwa humo hugeuka tunda halisi, dogo kama punje ya mchanga, ambalo mlaji hudhani ni mbegu. Istilahi inayoita bandia kifuko chenye matunda halisi kwa mamia inamfundisha mwanafunzi kinyume cha anachokiona.

Wengine hutohoa "sikonio" na kuona wamemaliza kazi. Neno hilo latokana na Kigiriki sykon, yaani tini. Wanasayansi walichukua jina la tunda la sokoni, wakalipanua likatosha jenasi nzima. Mkuyu wenyewe kisayansi ni Ficus sycomorus: sykon, tini, na moron, forosadi. Wagiriki waliruhusiwa kutumia neno la shambani. Kwa nini Waswahili wasitumie kuyu kwa jenasi nzima? Watafsiri wa Biblia hawakusita: Zakayo wa Kiswahili alipanda mkuyu.

Na kuyu si neno la juzi. Mzizi wake ni wa Kibantu na umeenea mbali: Kichewa nacho huita mti huo mkuyu, jina la Wakikuyu hunasibishwa nao, na Mwanza ina kata ya Mkuyuni. Ngeli nayo haina taabu: mwembe huzaa embe, mchungwa chungwa, mkuyu kuyu. Tini, lililotoka Kiarabu, ni jina zuri la Sura ya 95 ya Kurani na la tunda moja tamu, nalo libaki hapo. Dai kwamba kuyu ni la spishi moja tu halina uzito, maana sykon nalo lilianza vivyo hivyo.

Kuyu hutokea hata pasipo mdudu, lakini haliwi na mbegu bila nyigu wake. Jike, mwenye urefu wa milimita chache, hupenya kitunduni, aghalabu akipoteza mabawa njiani, akachavusha maua na kutaga. Madume wasio na mabawa hutoboa njia, na majike wapya hutoka na chavua. Mwaka 1968 watafiti Galil na Eisikowitch walichapisha utafiti wao juu ya uchavushaji wa mkuyu Afrika Mashariki. Nyigu anayeuchavusha ni Ceratosolen arabicus; nduguye, Ceratosolen galili, huingia na kutaga bila kuchavusha. Ficus benjamina asili yake ni Asia, na nyigu wake ni mwingine kabisa. Ndiyo maana makuyu ya sebuleni kwa kawaida hudondoka bila mbegu. Si ugonjwa, na mmea usikatwe.

Katika matumizi: kuyu, makuyu, mdomo wa kuyu kwa kile kitundu, nyigu wa makuyu kwa mdudu.