Mguu Ulibaki wa Mwisho

Dereva aliyezeekea kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia hahitaji kutazama mshale wa mizunguko anapoupanda mlima Kitonga. Anasikiliza. Injini ikianza kuguna, anakanyaga klachi, anatoa gia na kuiweka fri, anaachia klachi, anapiga resi kidogo, anakanyaga klachi tena, ndipo anapoingiza gia ya chini. Yote hayo huyafanya kwa pumzi moja, huku tela lenye mzigo likimvuta nyuma. Akichelewa, mwendo unakufa na gia aliyoikusudia haimtoshi tena. Itabidi apangue nyingine. Akikosea resi, giaboksi inakwaruza kwa mlio unaomwamsha utingo usingizini.

Kazi hiyo yote inatokana na jambo moja dogo: vyuma viwili vyenye meno vinavyozunguka kwa kasi tofauti havikubali kushikana. Sharti vilinganishwe kwanza. Émile Levassor, Mfaransa aliyeweka giaboksi ya meno kwenye magari yake miaka ya 1890, husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa ni ukatili, ila inafanya kazi. Magari madogo yalipata nafuu mwaka 1928, Cadillac ilipoleta gia zinazojilinganisha zenyewe kwa msuguano. Kwenye malori nafuu hiyo ilikuja kwa kuchelewa na kwa shingo upande, kwa kuwa vyuma ni vizito, na kuvilinganisha kwa msuguano kunadai nguvu nyingi ya mkono na kunamaliza vipuri haraka.

Na gia za lori si nne wala tano. Injini kubwa ya dizeli hufanya kazi vizuri katika nafasi finyu, takriban kati ya mizunguko 1,000 na 2,000 kwa dakika. Ili tani 40 ziondoke kwenye mlima na baadaye zikimbie kwenye tambarare bila kutoka kwenye nafasi hiyo, gia zinatakiwa ziwe nyingi na zikaribiane. Wahandisi wakachukua gia nne, wakazizidisha mara mbili kwa kundi la chini na la juu, kisha wakaikata kila moja nusu kwa kitufe cha hewa kilichopo kwenye kirungu cha gia. Zikawa 16. Dereva wa masafa huzibadili mara mia kadhaa kwa siku, na bega lake la upande wa gia linajua.

Wazo la kuupumzisha mkono ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1914 kiwanda cha Haynes cha Kokomo, Indiana, kiliuza magari ya abiria yenye vitufe vya gia kwenye usukani. Dereva alibonyeza kitufe cha gia aliyoitaka, na hakuna kilichotokea. Alipokanyaga klachi mpaka chini ndipo sumaku za umeme zilipoivuta gia mahali pake. Mfumo ule haukudumu, lakini utaratibu wake, yaani kuchagua kwanza na kukanyaga baadaye, tutaukuta tena miaka sabini mbele.

Katikati hapo utaratibu huo ulipitia Uingereza. Walter Gordon Wilson, mmoja wa waliobuni vifaru vya kwanza vya vita mwaka 1915 na 1916, alitengeneza baadaye giaboksi ya aina nyingine kabisa, yenye gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati na mikanda ya kuzibana. Mabasi ya RT ya London, yaliyoanza kazi mwaka 1939, yaliitumia kwa msaada wa hewa. Dereva aliweka kijiti kwenye namba ya gia kabla hajafika kwenye kona, na alipofika akakanyaga pedali. Kwa jiji lenye kituo kila baada ya hatua chache ilikuwa rehema kubwa. Wenye malori ya masafa waliendelea na meno yao.

Hata hivyo malori yalikuwa yamekwisha kupata kitu ambacho gari la Haynes halikuwa nacho, nacho ni hewa. Breki za hewa zilileta kompresa na mitungi, na hewa iliyobanwa ina nguvu kuliko mkono wowote. Kilichokosekana ni wa kuiamuru kwa wakati unaofaa. Miaka ya 1980, kompyuta ndogo za kustahimili joto na mtikisiko wa lori zilipopatikana, pengo hilo likazibwa.

Mwaka 1985 Mercedes-Benz ilitoa mfumo wa EPS, herufi za maneno ya Kijerumani yanayomaanisha kubadili gia kwa umeme na hewa. Fimbo ndefu ya gia iliyopenya sakafuni ikaondoka. Pembeni ya kiti kikabaki kijiti kifupi. Dereva anakisukuma mbele kupandisha au anakivuta nyuma kupangua, na namba ya gia inayosubiri inatokea mbele yake. Lori bado limo kwenye gia ileile. Anakanyaga klachi, vali ndogo za umeme zinafunguka, hewa inaingia kwenye silinda zilizofungwa juu ya giaboksi, pistoni zinausukuma uma unaohamisha gia, kunasikika mpumuo mfupi, na dereva anaachia klachi. Giaboksi ni ileile ya meno, mkono tu ndio umebadilishwa. Na huu mkono mpya una akili: unapima kasi ya shafti, na dereva akiomba gia ya chini mno ambayo ingeirusha injini kupita kiasi, unamkatalia.

Scania ya Sweden ilikwenda hatua moja zaidi katika miaka hiyohiyo kwa mfumo wake wa CAG. Hapo kompyuta yenyewe ilipendekeza gia. Iliangalia mwendo na mizunguko, ikaonyesha namba, ikangoja. Dereva akikanyaga klachi, amekubali. Asipokanyaga, lori linabaki lilivyo. Mimi hukipenda kipindi hiki kuliko vyote vilivyofuata. Mashine ilitoa ushauri, na mtu alijibu kwa mguu.

Waliofaidi zaidi walikuwa madereva wa mabasi. Injini ya basi la safari iko nyuma, na fimbo za kuunganisha kirungu cha gia na giaboksi hutambaa chini ya sakafu karibu urefu mzima wa basi la mita 12. Maungio yakilika, kirungu kinakuwa kama mwiko kwenye sufuria ya uji: unakoroga, hujui umefika wapi. Waya wa umeme haulegei hivyo.

Katika miaka ya 1990 Scania ikaleta Opticruise. Sasa kompyuta ya giaboksi ilizungumza na injini moja kwa moja. Ilipunguza mafuta mpaka meno yaachiane bila kuvutana, ikatoa gia, ikapandisha au kushusha mizunguko mpaka ilingane, ikaingiza gia mpya. Ni kazi ileile ya mzee wetu wa Kitonga, isipokuwa badala ya sikio kuna kihisio, na klachi haiguswi. Lakini pedali ya klachi ilibaki, kwa ajili ya kuondoka na kusimama tu.

Kwa nini mguu ndio uliodumu? Kwa sababu kuondoka ni kugumu kuliko kubadili gia. Klachi inatakiwa iteleze kidogo, si sana, na kiasi hicho hubadilika kwa uzito wa mzigo, mwinuko, joto na unene wa sahani uliobaki. Mguu wa dereva unayajua hayo bila kuhesabu. Kompyuta ilibidi ifundishwe. ZF ya Ujerumani ilitoa AS Tronic isiyo na pedali hiyo mwaka 1997, Volvo ikaleta I-Shift mwaka 2001, na Scania ikasubiri mpaka 2009 kuiondoa kwenye Opticruise.

Actros za kwanza za Mercedes-Benz, za mwaka 1996, zilikuwa bado na pedali tatu na kijiti kifupi cha kuchagulia. Nyingi zimekuja Afrika Mashariki kama mitumba, na fundi anayeziponya hushika kipima umeme kabla ya spana, maana gia ikigoma, kosa huenda likawa waya uliooza na si jino lililovunjika. Pia huenda likawa hewa. Mtungi ukivuja usiku, asubuhi gia haziingii, hata injini ikiwaka vizuri namna gani. Hapo dereva huliacha lori likiunguruma palepale lilipolala, utingo akaenda kununua chai na chapati, na wote wawili wakakaa wakiutazama mshale wa hewa ukipanda polepole.