Mkono Uliozoezwa: Historia ya Wauguzi wa Watoto Wachanga Mahututi

Katika misiba ya watoto wachanga tumezoea kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo yamewafuta machozi wazazi wengi, wala hatuna sababu ya kuyadharau. Lakini yana hatari yake, kwa kuwa yanaweza kumbebesha Mungu mzigo ambao ni wetu. Historia ya wauguzi wanaowahudumia watoto wachanga mahututi inaonyesha kwamba vifo vingi vilivyohesabiwa kuwa mapenzi ya Mungu vilipungua pale muuguzi alipofundishwa vizuri, kando ya mtoto, chini ya macho ya mtu aliyemtangulia katika kazi. Insha hii inaifuata historia hiyo kutoka Paris hadi Haydom, ili tuulizane kanisa linadaiwa nini.

Maandiko yenyewe yanawafahamu watu wa kazi hii. Katika sura ya kwanza ya Kutoka, Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, walikataa amri ya Farao ya kuwaua watoto wa kiume. Hofu yao ya Mungu ilionekana katika kazi ya mikono yao, karibu na mama anayejifungua. Naye nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anapotaka kuonyesha unyonge wa Yerusalemu, anasimulia habari za mtoto aliyetupwa siku ya kuzaliwa: hakukatwa kitovu, hakuoshwa, hakupakwa chumvi, hakufungwa nguo. Msikilizaji wa nabii aliijua orodha hiyo. Mtoto mchanga alikuwa na haki zake, na mtu fulani alipaswa kujua namna ya kuzitimiza.

Joto na macho ya usiku

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 daktari Stéphane Tarnier, wa hospitali ya uzazi ya Maternité huko Paris, aliwaonea huruma watoto njiti waliokuwa wakifa kwa baridi. Alikuwa ameona mashine ya kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama ya mji huo, akaomba atengenezewe ya kufanana nayo kwa ajili ya watoto. Kabla ya hapo, watoto wenye uzito wa chini ya kilo 2 katika hospitali hiyo walikufa 66 katika kila 100. Baada ya mashine kuanza kutumika, vifo vilishuka hadi 38.

Watu wengi wanapoisimulia habari hii huisifu mashine. Lakini mashine zile za mwanzo hazikujiendesha. Zilitiwa joto kwa maji ya moto, na chupa za maji zilipaswa kubadilishwa mchana na usiku. Mtu akisinzia, mtoto alipoa. Akizidisha moto, mtoto aliungua. Uhai wa mtoto ulikuwa mikononi mwa mwanamke aliyekesha. Ndiyo maana mwaka 1893, wodi maalumu ya watoto dhaifu ilipofunguliwa hapo Maternité, aliyeianzisha alikuwa Madame Henry, aliyekuwa mkunga mkuu wa hospitali. Daktari Pierre Budin alikabidhiwa wodi hiyo mwaka 1895, na jina lake likavuma zaidi kwa vitabu alivyoandika.

Hali ilikuwa hiyo hiyo Marekani. Mwaka 1922 daktari Julius Hess alifungua kituo cha watoto njiti katika hospitali ya Sarah Morris mjini Chicago. Mtu aliyekipa kituo hicho sifa yake alikuwa muuguzi Evelyn Lundeen. Alikuwa mkali. Usafi wa mikono haukuwa na mjadala kwake, na hakukubali mtu asiyefunzwa amguse mtoto. Aliwafundisha wauguzi kumlisha njiti maziwa ya mama tone kwa tone, kwa subira, bila kumpalia. Mwaka 1941 yeye na Hess walitoa pamoja kitabu kuhusu matibabu na uuguzi wa watoto hao, na jina la muuguzi likachapwa kando ya jina la daktari.

Upendo usio na maarifa

Kisha likaja somo chungu. Katika miaka ya 1940 hospitali zenye uwezo zilianza kuwapa njiti oksijeni kwa wingi, kwa sababu ilionekana wazi kwamba iliwafanya wapumue vizuri zaidi. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston alieleza ugonjwa mpya wa macho uliokuwa ukiwapofusha watoto hao. Kwa zaidi ya miaka kumi madaktari walibishana kuhusu chanzo chake. Utafiti mmoja wa mwanzo ulifanywa mjini Washington, ambapo kundi moja la watoto lilipewa oksijeni kidogo na jingine kwa wingi. Baadhi ya wauguzi wa usiku, wakiamini kwamba watoto wa kundi la kwanza walikuwa wanauawa, waliwafungulia oksijeni kwa siri.

Tusiwahukumu haraka wauguzi wale. Walifanya walichoona kuwa huruma. Lakini utafiti mkubwa zaidi, uliohusisha hospitali 18, ulithibitisha mwaka 1954 kwamba oksijeni iliyozidi ndiyo iliyoharibu macho. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Kisha kosa likageuka upande wa pili: oksijeni ilipopunguzwa mno, watoto wengine walikufa kwa kuikosa. Ilibidi wahudumu wajifunze kupima, kila saa na kwa kila mtoto, kiasi kinachomfaa.

Hapa Mkristo ana jambo la kutafakari. Tunahubiri kwamba upendo ni mkuu kuliko yote, na ndivyo ulivyo. Hata hivyo mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya Wafilipi, anawaombea wasomaji wake upendo unaokua pamoja na ujuzi na utambuzi. Wauguzi wale wa Washington hawakupungukiwa na upendo. Walichokosa ni mtu wa kusimama nao usiku ule, kuwaeleza sababu na kuwaonyesha dalili za kutazama.

Muuguzi anakuwa mtabibu

Mwaka 1960 daktari Louis Gluck alifungua katika Chuo Kikuu cha Yale mojawapo ya wodi za kwanza za uangalizi maalumu wa watoto wachanga wagonjwa. Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, akiwa na uzito wa kilo 2 na kitu. Mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Alipelekwa Boston kwa madaktari bora wa nchi, akafa baada ya saa 39. Taifa lote likaona kwamba hata ikulu haikuwa na dawa ya pumzi ya njiti. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake walichapisha njia ya kuyazuia mapafu ya mtoto yasisinyae, kwa kumpa hewa yenye shinikizo lisilokatika, na watoto wengi waliokuwa katika hali kama ya Patrick wakaanza kupona.

Njia hizo mpya zilihitaji mtu wa kuwa karibu na mtoto saa zote, mwenye kuona badiliko dogo la rangi au pumzi na kuchukua hatua palepale. Daktari hakuweza kuwa hapo saa zote. Muuguzi alikuwepo, lakini sheria na mazoea vilimtaka asubiri amri.

Mlango ulikuwa umeanza kufunguliwa. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumpima mtoto, kutambua tatizo lake na kulishughulikia. Nia yao ilikuwa kuzifikia familia zilizokosa madaktari. Walipingwa na baadhi ya madaktari, na hata na walimu wa uuguzi walioona kwamba muuguzi anaacha wito wake. Katika miaka ya 1970 wazo hilo liliingia katika wodi za watoto wachanga. Hospitali za Marekani zilianza kuwafundisha wauguzi wazoefu kupitisha mpira wa hewa kooni mwa mtoto, kuingiza mrija katika mshipa wa kitovu, kusoma picha za mapafu, na kusafiri na mtoto mahututi kutoka hospitali ndogo hadi kubwa. Tunaweza kumwita mtu huyo muuguzi mtabibu wa watoto wachanga.

Mafunzo hayo yalianza kama kozi za cheti ndani ya hospitali, kisha yakahamia vyuo vikuu kwa ngazi ya shahada ya uzamili. Kiini chake hakikubadilika. Chama cha wauguzi wa watoto wachanga cha nchi hiyo kinataka mwanafunzi awe amefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto mahututi kwa miaka miwili, kisha apate saa zisizopungua 600 za kuwahudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Wazee wetu walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Saa hizo 600 ndizo asali yenyewe.

Haydom na dakika tano za kila wiki

Katika hospitali nyingi za Tanzania, anayempokea mtoto aliyezaliwa bila kulia ni mkunga mmoja wa zamu ya usiku, huku daktari akiwa mbali. Kwa ajili ya mtu kama huyo, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na washirika wake walizindua mwaka 2010 mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Mkunga hufundishwa kumkausha mtoto, kumtia joto, kumsugua mgongo, na asipopumua, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Hujifunza kwa mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto, aliyetengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Stavanger, Norwei, ambayo zamani ilitengeneza vitu vya kuchezea watoto.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuujaribu. Matokeo ya hospitali nane yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Pamoja na hayo, idadi ya watoto walioandikwa kwamba walizaliwa wafu, wale ambao miili yao haikuwa imeanza kuharibika, ilipungua kwa asilimia 24. Namba hiyo ya pili inatisha kuliko ya kwanza. Maana yake ni kwamba baadhi ya watoto tuliowaandika wafu huenda walikuwa hai, mioyo ikipiga polepole, wakingoja mtu wa kuwapa pumzi.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955 na ambayo leo ni ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, watafiti waliuliza swali la ziada. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri kuliko zamani, lakini katika chumba cha kujifungulia hakuna kilichobadilika. Semina ilikuwa imefaulu, na watoto hawakupata faida.

Wangeweza kuishia hapo na kulaumu uvivu. Badala yake waliwaweka wanasesere karibu na chumba cha kujifungulia, na kuanzia mwaka 2011 wahudumu wakafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, mahali pa kazi, pamoja na zoezi refu zaidi mara moja kwa mwezi. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Hao ni karibu watoto wanne katika kila elfu waliorudi nyumbani mgongoni mwa mama zao. Wahudumu walikuwa ni wale wale wa hospitali ile. Kilichoongezeka ni mazoezi.

Deni letu

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, mwishoni mwa sura ya 5, anafundisha kwamba ukomavu huja kwa kuzoezwa. Tumelichukua fundisho hilo kuwa la sala na mwenendo, nalo ni la mikono pia. Muuguzi anayemfinya mwanasesere kila Jumatatu, wakati hakuna mgonjwa na hakuna anayemtazama, anaitunza talanta aliyokabidhiwa.

Makanisa yetu yana hospitali na vyuo vya uuguzi vingi. Tunafanya harambee kwa ajili ya jengo na mashine, na picha ya uzinduzi hutundikwa ukutani. Ni vema. Basi na tuulize pia: zamu ya usiku ina watu wangapi? Mfuko wa kupumulishia uko mahali pake na unashika hewa? Muuguzi mwenye uzoefu wa miaka ishirini amepewa nafasi ya kumfundisha anayeanza, au amekuwa akihamishwa kila mwaka? Mara ya mwisho walifanya mazoezi lini? Halmashauri ya hospitali inayouliza maswali hayo kila robo mwaka inatenda kazi ya kichungaji.

Watakuwepo watoto watakaokufa hata mikononi mwa muuguzi bora, na hapo neno la faraja litakuwa na mahali pake. Tutaweza kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa bila kuona haya, kama tumekwisha kutimiza sehemu ya kazi hiyo aliyoiweka mikononi mwetu.